Barua Niliyoijibu kwa Niaba Yako

Afisini, Ndia Kuu, Mombasa
Jumamosi, baada ya Alasiri

Mwanangu Athmani,

Salamu utapewa na mamako, naye anazo za kututosha sisi sote. Mimi leo nina neno limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, na nikianza na salamu nitapata pa kujificha. Basi nalitoa kwanza. Jumatano asubuhi, ukishaketi kwenye kiti chako kipya huko Kisumu, utakabidhiwa mafaili ya barua zote zilizopata kuingia katika tawi letu la huko. Katika faili la barua za Mombasa, zile za mwaka jana, utaikuta moja isemayo kwamba Athmani bin Bakari anashukuru kwa kuitwa, lakini hawezi kuja kwa sababu za nyumbani. Haikupigwa taipu. Imeandikwa kwa mkono, na hutahitaji kuuliza ni mkono wa nani, kwa sababu ndio uliokushika vidole ukaandika herufi yako ya kwanza.

Ni mkono wangu. Wewe hukuambiwa kwamba umeitwa, wala hukukataa. Aliyekataa ni mimi.

Nimeyaandika hayo nikainuka nikaenda dirishani, kisha nikarudi. Afisi imefungwa tangu saa saba. Seth, tajiri wetu, amekwenda Kizingo kwa mkwewe, na bawabu yuko chini amejinyoosha kwenye benchi lake. Wewe umekwenda Mwembe Tayari kununua kamba ya kufungia sanduku, na umesema utanipitia hapa saa kumi na moja tufuatane nyumbani. Sasa ni saa kumi kasoro robo. Muda ninao wa kusema kweli, na wa kuichana karatasi hii ninao pia, na huo wa pili ndio unaonitia hofu.

Mambo ya kula na kulala siyataji. Mamako amekueleza baridi ya bara mpaka fulana zako zimechoka kukunjwa na kukunjuliwa. Wala sitakufundisha kazi kana kwamba huijui. Umeniona tangu utotoni nikifungua bahasha upande wa kushoto, nikiitazama ndani mara mbili na kuinyanyua kwenye mwanga isije ikabakia karatasi, nikipiga muhuri wa tarehe, nikiandika saa kwa kalamu pembeni mwa muhuri, kisha nikiitia daftarini kabla sijaipeleka kwa mwenyewe. Unajua kwamba barua itokayo haitoki bila nakala, na kwamba iliyoingia leo hujibiwa leo, hata kama jibu lenyewe ni kusema tumeipata, tupeni siku tatu. Hayo unayo. Nataka nikwambie usichokiona daftarini, yaani kazi hii ilivyonifanya mimi.

Wasioijua hudhani karani wa barua ni mlamba stempu. Lakini tarishi akiutua mfuko wa posta saa mbili asubuhi, kwa muda wa saa nzima mimi peke yangu ndiye ninayejua habari za nyumba hii yote: nani anataka bidhaa, nani analalamika, nani ameghairi. Seth mwenyewe hajui. Amekaa chumba cha pili anakunywa chai yake, naye hajui. Saa hiyo moja, mwanangu, ina utamu wake, na mimi ilinilevya polepole bila kujijua.

Makosa ya mikono niliyafanya nayo yakapita. Mwaka wangu wa kwanza Seth alinipa barua mbili, moja ya rambirambi kwa mteja wetu wa Lamu aliyefiwa na mkewe, na moja ya pongezi kwa mteja wa Malindi aliyekuwa ameoa. Nikazikunja zote mbili, bahasha mbili nimeziweka mezani, huku nikizungumza na mtu. Bwana arusi akaambiwa avumilie kwani sote ndiko tuendako, na mfiwa akaombewa dua azae watoto wengi wema. Wa Malindi alicheka, akaja kutuonyesha barua yenyewe. Wa Lamu hakutuandikia tena maishani mwake. Tangu hapo huniona nikiandika anwani na kufunga barua moja moja, nawe hunicheka kwamba nafanya kama ninayevisha watoto wachanga. Cheka tu, lakini huko Kisumu ufanye hivyo hivyo.

Kosa langu jingine halikuwa la mikono. Lilitokana na adabu niliyolelewa nayo na kusifiwa kwayo. Unajua kwetu habari mbaya haipewi mtu mwenye njaa. Bibi yako Mwana Halima alikuwa hodari wa jambo hilo. Aliweza kukaa na msiba kifuani kutwa nzima, akakukaribisha, akakupakulia, akakunawisha mikono, akaondoa sahani, ndipo akakaa karibu nawe akakwambia. Watu walimwona muungwana, na muungwana alikuwa. Mimi nikaichukua adabu hiyo nikaileta afisini. Kila asubuhi nilizipanga barua za Seth, za heri juu na za shari chini. Zile za shari sana nilizitia kwenye mtoto wa meza mpaka atoke kula chakula cha mchana. Hakuna aliyeniagiza. Niliona ni huruma, na pengine nusu yake ilikuwa huruma kweli.

Wakati wa vita, majira ya masika, ikaja barua kutoka kwa wenye mabohari ya Kilindini. Bohari tuliyoweka mali yetu ilikuwa inachukuliwa na jeshi, na tuliambiwa tuitoe kabla ya adhuhuri, la sivyo itawekwa nje. Nikaisoma saa mbili na robo. Seth asubuhi ile alikuwa amepata barua ya nduguye, yuko radhi, anaimba kidogo kidogo kama afanyavyo. Nikasema moyoni, mwache mtu anywe chai yake. Akaisoma saa nane. Tulipofika Kilindini magunia ya mbata na makasha ya chai yalikuwa uani, na mvua inanyesha juu yake kwa raha zake.

Hakunipigia kelele. Aliichukua barua, akautazama muhuri wangu na saa niliyoiandika kwa kalamu yangu mwenyewe.

"Bakari, hii imefika saa mbili?"

"Ndiyo, Seth."

"Na mimi nalikuwa wapi?"

"Ulikuwapo, Seth. Ulikuwa wanywa chai."

Akaikunja barua. Kisha akasema, "Wewe si mama yangu. Barua ikivuka mlango ule, ni yangu. Utamu wake wangu, uchungu wake pia wangu. Nani amekupa ruhusa uonje kwanza?"

Niliona haya mpaka jasho likanitoka, na tangu siku ile barua za Seth zinapanda mezani kwake kama zilivyotoka mfukoni. Watu husema Bakari alifunzwa akafunzika. Sikufunzika, Athmani. Niliiacha tabia ile afisini, kisha nikaenda nayo nyumbani.

Nduguyo Omari alipochukuliwa jeshini aliandikisha anwani ya sanduku la posta la afisi, kwani sisi nyumbani hatuna sanduku. Kwa hivyo barua zake zilipitia mkononi mwangu pamoja na za biashara, nami nilikuwa nikizitia mfukoni nikifurahi kwamba mimi ndiye nitakayempelekea mamako. Na ile bahasha ya kahawia nayo ilikuja njia hiyo hiyo. Niliifungua kwa kisu kile kile, upande wa kushoto. Nikaisoma. Nikaipiga muhuri wa tarehe. Sijui kwa nini, mkono ulikwenda wenyewe. Muhuri ule upo juu ya jina la nduguyo mpaka leo, kwenye kijaluba cha mamako.

Nikaja nyumbani mchana. Wewe ulikuwapo, unakumbuka kilio, lakini hukuwapo kabla yake. Mamako alikuwa amepika wali na samaki wa kupaka, naye tangu asubuhi alikuwa hajatia kitu mdomoni. Nikasema moyoni, mwache ale. Akala. Akawa anazungumza nami, akaniambia kitanda cha Omari kimelegea kamba, nimtafute mtu wa kukiwamba upya kabla hajarudi. Nikamjibu, "Nitamtafuta." Akaongeza wali. Nikangoja mpaka aliponawa mikono, ndipo nikamwambia.

Siku ya arubaini, wageni waliposhuka ngazi, alinigeukia akaniambia, "Ulinitazama nikila. Ukanijibu na habari za kitanda." Tangu siku hiyo mamako hajala mbele yangu. Wewe ulidhani amezoea tu kula jikoni na shangazi zako, nami nikakuacha udhani hivyo.

Sasa nafika kwako. Nisamehe.

Ulipokwenda Kisumu ile miezi mitatu kumshikia kazi karani aliyekuwa mgonjwa, ulirudi umenyooka mgongo. Ulikuwa ukieleza ulivyozipanga upya barua za tawi lile kwa majina na kwa tarehe, na kila mtu nyumbani alichoka kusikia isipokuwa mimi. Mwaka jana meneja wa huko akaandika. Maneno yake nayajua kwa moyo: "Tuleteeni Athmani wa Bakari awe karani wetu wa barua. Mkono wake unasomeka, na tangu aondoke hatujui kilichoingia wala kilichotoka." Niliisoma katika ile saa yangu ya asubuhi. Seth alikuwa amesafiri Bara Hindi, na barua ndogo ndogo nilikuwa nazijibu mwenyewe kwa idhini yake.

Sikuipiga muhuri wala sikuitia daftarini. Niliiandika ile uliyokwisha kuambiwa juu, kwa mkono, kwa sababu karani wa taipu angeiona. Sikuweka nakala. Muda wote niliofanya kazi hapa ilikuwa haijapata kutoka barua isiyo na nakala, na ya kwanza ikawa hiyo. Tarishi nilimwambia apumzike, nikaipeleka posta mimi mwenyewe nikitembea upande wa kivuli.

Nilijiambia ni kwa ajili ya mguu wa mamako, kwani alikuwa kitandani mwezi ule na mguu umemvimba. Ni uongo. Alikuwa na dada zake wawili wanamuuguza, na alipona. Kweli yenyewe ni kwamba bahasha moja ilishanichukulia mtoto, nami niliogopa. Nilimwogopea nani? Nilijiogopea mimi mwenyewe. Niliogopa kurudi nyumbani saa saba nikapanda ngazi nisisikie mtu akiniuliza jambo.

Nawe uliniuliza kila wiki. "Baba, Kisumu hawajaandika?" Nami nikajibu, "Bado." Neno dogo kama hilo, na nililisema mwaka mzima bila kukutazama usoni. Ukachoka kungoja ukaenda Kilindini kuandika hesabu ya makasha yanayoshushwa melini, katikati ya kelele na kulabu. Kulabu moja ikateleza. Nilipofika hospitali ulikuwa umefungwa mkono wa kushoto, nawe ukicheka ili nisilie, ukaniambia, "Lau Kisumu wangaliniita, baba, kidole hiki kingalikuwa kimenyooka." Mimi nikakaa pembeni mwa kitanda nikakumenyea chungwa. Mwanangu, nilikumenyea chungwa. Ningeweza kusema wakati ule. Chumba kilikuwa kitupu, na wewe ulikuwa unanipenda. Nikaling'oa ganda lote nikakupa vipande, nikaenda zangu.

Safari hii barua yao ilikuja kwa rejista, kwa jina la Seth mwenyewe, nayo haikupita mkononi mwangu. Seth akaniita.

"Wamwomba mwanao tena. Wasema mwaka jana alikataa. Alikataa lini?"

"Mama yake alikuwa mgonjwa, Seth."

Akanitazama kama alivyoutazama muhuri siku ile ya bohari. "Nimekuuliza lini, Bakari, sikukuuliza kwa nini." Akaipindua barua kifudifudi. "Haya. Mwambie leo. Si kesho."

Nikakwambia njiani tukitoka msikitini, na karatasi yenyewe sikukuonyesha. Ulinikumbatia mbele ya watu. Ukasema, "Nalijua hawakunisahau." Siku hiyo nilitamani ardhi ipasuke.

Alhamisi nikamwambia mamako. Alikuwa anachambua mchele. Nilimweleza yote, pamoja na lile la mguu wake, nikadhani atalia au atanitukana. Akaendelea kuchambua.

"Usinitie mimi katika hilo," akasema. "Mimi mguu ulikuwa waniuma, si ulimi. Ningalitaka asende, ningalimwambia mwenyewe."

"Nitamwandikia," nikasema. "Nitaitia barua chini ya nguo, sandukuni. Akishapita Voi ataiona."

Ndipo akauweka ungo chini. "Baba Athmani, yeo wanena nini? Miye ulinitazama nikila. Na huyu naye wataka umpungie mkono stesheni, akubusu mkono, akuombe radhi, huku wajua kilomo sandukuni? Basi bora usimwambie kabisa."

Sijalala vizuri tangu siku hiyo, maana aliona lile nililokuwa sijaliona mwenyewe. Nilikuwa nimepanga kukupa kweli mahali ambapo huwezi kunijibu. Ile saa yangu moja nilitaka niirefushe iwe safari nzima ya gari la moshi, wewe ukiwa ndani na mimi huku Mombasa nikipokea salamu za majirani.

Sasa nisikilize katika jambo moja la kazi, kwani hili sikukufundisha. Utakapoifikia barua ile katika faili, mkono wako utataka kuitoa. Nakujua. Utasema ni mzee, ni baba yangu, hakuna atakayejua. Usiitoe. Mafaili yale ni ya nyumba ya biashara, si yetu, na siku utakayonyofoa karatasi moja kwa kumpenda mtu utakuwa umekaa kwenye kiti changu. Iache mahali pake na tarehe yake. Na meneja akikuuliza kwa nini ulikataa mwaka jana, usitie mguu wa mamako wala usiseme hujui. Mwambie, "Sikuambiwa. Baba yangu aliijibu." Uso utakuwaka, najua. Lakini akishasikia hayo kinywani mwako siku ya kwanza, hatakuwa na sababu ya kukushuku siku ya pili.

Nami Jumatatu, Seth akishakaa, nitamwambia kabla mfuko wa posta haujafunguliwa. Nadhani anajua, ananingoja tu. Huenda kiti hiki kikapata mtu mwingine. Kama ni hivyo sitalalamika, na wewe usimwandikie kuniombea. Sitaki kuombewa na mtu niliyemnyima.

Sikuombi uniambie yamekwisha. Najua sisi tumelelewa kwamba mzazi hakosewi na mtoto hakasiriki, na kwamba ukikasirika utajiona umepoteza radhi. Basi nakwambia mapema, kwa mkono wangu na jina langu: radhi yangu unayo, uwe na hasira usiwe nayo, uniandikie usiniandikie. Hiyo haina masharti. Ukikaa miezi sita bila kunitumia hata mstari, nitajua ninangoja kama ulivyongoja, tena wewe ulingoja mwaka.

Na kesho, kama hutaki nije stesheni, niambie leo. Usinikubalie kwa haya kisha ukapeana nami mkono wa baridi mbele ya watu. Atakuja mamako na shangazi zako, nami nitakaa nyumbani. Nitaumia, lakini nitakaa.

Saa kumi na moja imepita kidogo. Nasikia huko chini bawabu anaamkiwa, na sauti ni yako. Bahasha sikuifunga gundi. Kalamu nimeiweka. Ukiingia, Athmani, usinibusu mkono kwanza. Kaa kwenye kiti changu usome, nami nitasimama.